UZI: Baba mkwe anadai ukoo wao umetokana na makamu wa mfalme. Nimeingia kwenye vitabu vya ubatizo vya Meksiko

Mkwe wa Zacatecas (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huu uzi utakuwa mrefu na nitakuwa naurudia kila nikipata jipya. Mwenye haraka apite kwa amani.

Nipo Dallas, nimeoa Mmeksiko, tuna watoto wawili. Ubini wa wakwe zangu ni Mendoza. Ukiingia sebuleni kwa baba mkwe, kabla hujakaribishwa kiti unakutana na ngao ya mbao ukutani. Ya kijani, imekatizwa mshazari na mkanda mwekundu wenye kingo za dhahabu, chini kuna utepe ulioandikwa MENDOZA. Mzee aliinunua zamani kwenye kibanda cha maonyesho, ikaja na karatasi ya kuviringisha yenye "historia ya ukoo". Kila mgeni lazima apigwe somo: kwamba Antonio de Mendoza, makamu wa kwanza wa mfalme kutawala Hispania Mpya (Meksiko enzi za ukoloni), aliyeingia madarakani mwaka 1535, alifika mwenyewe na jeshi lake Nochistlán kwenye vita vya Mixtón, na kwamba "hakuondoka bila kuacha mbegu".

Nochistlán ndiko kwao mzee. Ni kusini kabisa mwa jimbo la Zacatecas, ukitoka kidogo umeingia Jalisco. Yeye kazaliwa 1948 kwenye rancho, yaani kitongoji cha wafugaji, nje ya mji.

Siku napelekwa kutambulishwa nilikula somo hilo dakika arobaini, mke wangu akitafsiri huku anaona aibu. Ujumbe niliupata: kijana, ujue unaoa wapi. Sitaficha, mzee hakunifurahia, na sababu sina haja ya kuiandika, mnaijua.

Sasa watoto wake wameamua kumpa zawadi ya mti wa ukoo. Kazi nimetupiwa mimi, eti ndiye ninayeshinda kwenye kompyuta. Nikasema sawa.

Niwape mwanga kidogo maana mfumo wao ni mtamu kwa mtafutaji. Kwa kawaida Mmeksiko ana ubini mbili, wa kwanza wa baba, wa pili wa mama. Mwanamke akiolewa habadilishi jina, anazikwa na jina alilozaliwa nalo. Halafu cheti chao cha zamani cha kuzaliwa, wanakiita acta, hakiishii kwa wazazi, mara nyingi kinataja mababu na mabibi wote wanne. Cheti kimoja tu unapata watu sita! Hizi za serikali zilianza na sheria ya Benito Juárez ya mwaka 1859, alipoamua kuzaliwa, kuoana na kufa viwe shughuli za dola badala ya Kanisa. Nyuma ya hapo unaingia kwenye vitabu vya parokia: ubatizo, ndoa, vifo. Wamormoni walianza kuvipiga picha miaka ya 1950, leo vingi vipo bure kwenye tovuti yao, FamilySearch. Unafungua akaunti unakaa na chai yako.

Jioni ya kwanza: cheti cha mzee, cheti cha baba yake (1917), na babu yake kazaliwa 1886. Hapo nikatumia sanduku la kutafutia, nikaandika jina, parokia, mwaka. Kikaja kitu kimoja safi: mtoto wa ndoa, wazazi wote wametajwa. Nikapanda naye. Wikiendi mbili nipo mwaka 1801, na kwenye kitabu babu wa babu yake ameandikwa "don" (bwana) na "español" (Mhispania). Nimempigia mzee. Nasikia ameifuta vumbi ngao.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie kuvuka 1800.

Mla Mihogo

Nimevuta kigoda. Mkuu umeoa kwa wafalme, sisi wengine mahari tulilipa kwa awamu mpaka leo.

Nondo za Usiku

Mendoza si jina la Kiyahudi hilo? Bondia Daniel Mendoza wa London, karne ya 18, alikuwa Myahudi. Na hizi bini zote za Kihispania zenye -ez mwishoni ni za Wayahudi waliobatizwa kwa nguvu, nilisoma mahali.

Karani Mstaafu

Mwanzisha uzi, salaam. Nimetunza vitabu vya parokia huku kwetu miaka ishirini na sita, naomba nikuulize kabla hujavuka popote.

Huyo wa 1886 umempata kwa sanduku la kutafutia. Je, ulifungua cheti chenyewe? Rancho aliyozaliwa ni ileile inayotajwa kwenye ndoa yake? Wasimamizi wa ubatizo ni watu wanaojirudia kwenye familia au ni wageni? Na ndoa yake inasema wazazi wake ni nani?

Parokia moja inaweza kuwa na watoto watatu wenye jina moja mwaka mmoja. Mimi nilikuwa na Petro saba.

Binti Kipumbwi

Karani umempiga mtu ngwala mapema hivi 😂

Mkwe wa Zacatecas

Karani shikamoo. Jibu la maswali yote manne ni hapana. Narudi.

Nondo, hiyo ya -ez nimeikuta kila kona, haina ukweli. -ez ni "mwana wa" tu. Hernández ni mwana wa Hernando, ndiyo maana ndio ubini ulioenea kuliko wote Meksiko. Martínez wa Martín, González wa Gonzalo. Ni bin yetu. Wakristo, Waislamu waliobatizwa, Wayahudi waliobatizwa, wote walibeba. Hispania ilipopitisha sheria mwaka 2015 ya kuwapa uraia wajukuu wa Wayahudi waliofukuzwa 1492, Wameksiko kwa maelfu waliomba, na ubini peke yake hautoshi, lazima ushahidi wa kizazi. Dirisha lilifungwa 2019.

Mkwe wa Zacatecas

MREJESHO WA KWANZA

Wakuu, wiki tatu zimepita. Karani, Mungu akuweke.

Nilianza upya, safari hii ukurasa kwa ukurasa, bila sanduku la kutafutia. Kwanza nikatafuta ndoa ya babu yake mzee. Nikaipata, 1912, siku chache kabla ya Kwaresima. Jina lake lipo, rancho ipo, na mbele ya jina: *hijo natural*. Mtoto wa nje ya ndoa. Mama ametajwa, baba hakuna.

Yule wangu wa 1801, "don" na "español" wake, ni ukoo wa mtu mwingine kabisa. Jina lilelile, mwaka uleule 1886, ila rancho ya upande wa pili wa mji. Wikiendi mbili nimechora mti wa jirani.

Nikarudi vitabu vya kuzaliwa vya 1886, nikamwona wa kwetu. Cheti kifupi. Ameletwa kuandikishwa na babu yake mzaa mama, mtoto ana siku tisa. Karani ameandika mwanamke, umri miaka ishirini, hajaolewa, jina lake, ubini Mendoza. Sehemu ya baba amepiga mstari. Wino umekolea pale mwanzo wa mstari, kama mtu aliyeweka kalamu akasubiri aone kama kuna atakayesema kitu.

Kwa hiyo mnaona kilichotokea? Ubini Mendoza ambao mzee anaupigia kifua kama wa baba kwa baba kwa baba, umetoka kwa mwanamke. Huyo binti wa miaka ishirini. Baba mtu angekuwa ameandikwa, leo mke wangu angekuwa na ubini mwingine na mimi nisingekuwa na uzi.

Mambo mengine niliyojifunza kwa maumivu:

Makarani wa zamani waliandika miezi kwa vifupi. 7bre ni Septemba, kwa sababu *siete* ni saba. Mimi niliisoma Julai, nikashangaa mtoto amebatizwa kabla hajazaliwa. 8bre ni Oktoba, 9bre Novemba, na Xbre ni Desemba.

Hapo katikati ya 1926 na 1929 utakuta shimo. Serikali na Kanisa walikuwa vitani, maaskofu wakasimamisha ibada tarehe 31 Julai 1926, na Zacatecas ya kusini na Jalisco ndiko vita ya Cristero ilikowaka. Shangazi wa mzee aliyezaliwa 1927 hayupo kwenye kitabu cha ubatizo. Mama mkwe anasema alibatizwa usiku, zizini, padri kavaa kama mchunga ng'ombe.

Na shemeji mmoja alikuwa na hadithi yake ya macho ya bluu, kwamba yametoka kwa askari wa Kifaransa waliokuja kumlinda Maximilian, mfalme waliyemweka Wafaransa. Karibu kila familia ya nyanda zile inayo hadithi hiyo. Wafaransa walikuwa Meksiko 1862 hadi 1867. Katika mistari yote niliyokwishaifuata hakuna ubini wala mzazi wa Kifaransa. Shemeji amenuna.

Mla Mihogo

Sasa mzee umemwambia?

Mkwe wa Zacatecas

Mke wangu ndiye aliyemwambia. Mzee akasema karani wa 1886 alikuwa mlevi.

Karani Mstaafu

Makarani tunasingiziwa mengi.

Mtu wa Malindi

Nimefurahia uzi. Mkuu, kabla hujapanda zaidi, hilo jina lenyewe maana yake nini? Tuelezee asili.

Mkwe wa Zacatecas

Mendoza ni mahali kwanza. Ni kijiji cha Álava, nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania, na kwa Kibaski linaundwa na *mendi*, mlima, na *hotz*, baridi. Mlima wa baridi. Kuna kundi kubwa la bini za Kimeksiko zilizotoka kwa Wabaski namna hiyo: Echeverría ni nyumba mpya, Ibarra ni bonde, Zavala ni pana.

Kutoka hapo likawa la watawala wakubwa wa Castilla, na ngao ile ya kijani na nyekundu kweli ni yao. Lakini ngao hupewa mtu na uzao wake, haipewi kila mwenye kuitwa hivyo. Muuza ngao anakuuzia ngao ya mtu mwingine unayefanana naye jina. Biashara nzuri.

Shida ya mzee ni hii. Meksiko Mendoza wako kila mkoa, na hawakuzaliwa na mtu mmoja. Wenyeji walipobatizwa walipewa jina la msimamizi, au la mkubwa aliyekuwepo, na mkubwa aliyekuwepo kuanzia 1535 hadi 1550 aliitwa Mendoza. Machifu walilipenda. Tlatelolco, kule Jiji la Meksiko lilipo sasa, palikuwa na mtawala mwenyeji kabisa, wa uzao wa Kiazteki, aliyeitwa don Diego de Mendoza. Damu ya Álava hana hata tone.

Tena ubini kwa zama hizo haukuwa umetulia. Ndugu wanne wa baba mmoja mama mmoja, mmoja anachukua wa baba, mwingine wa mama, wa tatu wa bibi aliyemwachia shamba. Sasa wewe panda na jina peke yake uone utafika wapi.

Kuhusu makamu mwenyewe: ni kweli alifika Nochistlán, mwaka 1541, na maelfu ya wapiganaji wenyeji walioungana na Wahispania, kuwazima Wacaxcan, wenyeji wa pale, waliokuwa wamejichimbia juu ya milima. Pedro de Alvarado, aliyeiteka Guatemala, alijaribu kabla yake, akashindwa, na wakati wa kurudi nyuma farasi akamwangukia akafa. Mendoza alishinda. Baadaye akapelekwa kutawala Peru, akafia Lima 1552. Kama aliacha mbegu Nochistlán hakuna aliyeiandika.

Nondo za Usiku

Kwa hiyo wenyeji hawakuwa na bini zao?

Mkwe wa Zacatecas

Walikuwa nazo, na Yucatán wamebaki nazo mpaka kesho. Wamaya wanaitwa Pech, ambayo ni kupe, Balam, ambayo ni chui wao wa kule, Canul, Chan, Ek. Puebla na Tlaxcala utakutana na Cuautle, kutoka *cuauhtli*, tai. Lakini sehemu nyingi padri aliandika majina mawili ya Kikristo basi: Juan Diego, Pedro Pascual. Au akatoa ya kidini, de la Cruz, de los Santos, de los Reyes. Ukikuta de la Cruz kwenye kitabu cha 1700 huwezi kujua ni ukoo gani. Ni msalaba tu.

Mkwe wa Zacatecas

MREJESHO WA PILI

Samahanini kwa ukimya, kazini palikuwa pamoto. Ila usiku nilikuwa ndani.

Kutoka kwa yule binti wa 1886 nimepanda: baba yake 1838, babu yake 1803, baba wa babu 1772. Rancho haibadiliki, na wasimamizi wanarudi walewale kizazi kwa kizazi. Karani, sasa nakuelewa. Wasimamizi ni kama mhuri.

Sasa sikilizeni. Kitabu cha 1826, ndoa ya yule wa 1803: jina, wazazi, basi. Hakuna neno la rangi. Nikadhani wote walikuwa sawa tu. Kumbe Meksiko ilipojitawala, Bunge lilitoa agizo tarehe 17 Septemba 1822 kwamba parokia ziache kuandika asili ya mtu kwenye vitabu. Kabla ya hapo waliandika kila mmoja: español, indio (mwenyeji), mestizo (chotara wa Mhispania na mwenyeji), mulato (chotara mwenye damu ya Kiafrika), coyote na lobo (machotara wa namna nyingine). Parokia nyingine zilitenga vitabu kabisa, cha Wahispania peke yake na cha wengine peke yake. Mimi siku zote nilikuwa natafuta kwenye kitabu cha Wahispania, kwa sababu ya ile ngao.

Nikafungua kingine.

Yule wa 1803 amebatizwa kama *mestizo*. Baba yake, 1772, *mulato libre*, yaani mulato huru. Dada wa huyo baba, 1775, wazazi walewale, *mestiza*. Padri tofauti, jicho tofauti. Mtu mmoja huyohuyo anabatizwa mulato, anaoa mestizo, anazikwa español, na wala hajatoka kijijini. Alichofanya ni kununua ng'ombe.

Nikapanda 1745, mulato libre tena. Na juu yake kuna ndoa ya 1721. Hiyo ina faili lake, wanaita *información matrimonial*: padri anamhoji bwana harusi, bibi harusi na mashahidi, ahakikishe hakuna undugu wala ndoa nyingine. Kurasa nne. Zimeliwa na wadudu, mashimo yanapita kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho mahali palepale, kama sindano imepitishwa.

Bibi harusi ni mwenyeji, *india*, wa kijiji cha karibu. Bwana harusi ni mulato libre, mchunga ng'ombe, anakadiria ana miaka ishirini na mitano, hajui kuandika. Anaulizwa ni mtoto wa nani. Anajibu ni mtoto wa María, *negra*, yaani mweusi, mtumwa aliyekuwa wa nyumba ya Mendoza, na kwamba yeye aliachwa huru kwenye kisima cha ubatizo. Hiyo ilikuwepo: mwenye mtumwa, au mwenye fedha, anatamka pale mbele ya padri kwamba mtoto huyu anatoka huru. Mama anabaki mtumwa.

Baba hakuulizwa. Au aliulizwa, na jibu lilikuwa hapo kwenye tundu la wadudu.

Basi. Huko ndiko Mendoza ilikotoka, wakuu. Ni jina la mwenye nyumba.

Binti Kipumbwi

Nimesoma nimenyamaza. Huku kwetu pwani nako baadhi ya walioachwa huru walibaki wakitajwa kwa koo za waliowamiliki, na wajukuu leo wanazitetea hizo nisba kuliko wenyewe.

Mkuu, na huyo María, aliletwa kutoka wapi? Nauliza kwa sababu nimesikia kuna watu wa Msumbiji walifikishwa Meksiko kupitia Bahari ya Hindi. Isije ikawa ni dada yetu.

Nondo za Usiku

Hapo ndipo uzi unakuwa mtamu. Makonde ndani ya Zacatecas!

Mkwe wa Zacatecas

Binti, hiyo ya Msumbiji ni kweli kama historia. Merikebu za Manila zilipiga njia ya Ufilipino hadi Acapulco kuanzia 1565 hadi 1815. Wareno walichukua watu Msumbiji, wakawauza Goa, wakafika Malaka, wakafika Manila, na wengine wakavuka Pasifiki. Kwenye karatasi wanaitwa *cafres*, neno la kwenu hilo hilo la Kiarabu, kafiri. Watumwa waliotoka Asia wote waliitwa *chinos*, awe Mhindi, Mmalai au Mfilipino, mpaka mwaka 1672 walipotangazwa huru.

Lakini walio wengi mno walishushwa Veracruz, upande wa Atlantiki, na kati ya 1595 na 1640 wengi walitolewa Angola. Wengine walipewa ubini wa walikotoka: Juan Angola, Isabel Conga. Huyu wetu ameandikwa *negra*, nukta. Siwezi kumpeleka Msumbiji kwa sababu mimi natamani, na siwezi kumpeleka Angola. Nisije nikawa muuza ngao na mimi.

Mtu wa Malindi

Haki yako. Lakini mimi nilidhani Waafrika wa Meksiko wako pwani tu, kule Costa Chica.

Mkwe wa Zacatecas

Leo wanaonekana zaidi Costa Chica ya Guerrero na Oaxaca, na Veracruz, ambako kuna mji unaitwa Yanga kwa jina la mtumwa aliyetoroka akaongoza wenzake milimani mpaka Wahispania wakakubali kuwapa mji wao. Zamani walikuwa kila palipo na migodi ya fedha, ng'ombe na miwa, na Zacatecas fedha iligunduliwa 1546. Huku bara walioana na wenyeji na mestizo mpaka neno likapotea kinywani. Sensa ya 2020 ndiyo ya kwanza kuwauliza watu wote kama wana asili ya Afrika, wakajitaja 2,576,213, yaani kama asilimia 2. Na rais aliyefuta utumwa, Vicente Guerrero, mwaka 1829, mwenyewe alikuwa na asili hiyo. Jimbo limepewa jina lake.

Mla Mihogo

Haya yote mazuri. MZEE UMEMWAMBIA?

Mkwe wa Zacatecas

Nimemwambia mwenyewe safari hii. Nilipiga chapa zile kurasa nne, nikaenda Jumapili baada ya misa. Mke wangu alitaka kuja kutafsiri, nikakataa, Kihispania changu kibovu kinatosha.

Alivaa miwani, akachukua na kioo cha kukuzia. Aliisoma polepole sana, kidole kinafuata mstari. Alipofika kwenye *negra* akarudi mwanzo wa ukurasa akaanza tena. Mama mkwe alikuwa mlangoni na taulo la vyombo begani, hakuingia.

Kisha akasema padri alikosea.

Nikamwambia, baba, vizazi vitatu padri tofauti wameandika kitu kilekile. Akasema basi wote walikosea, akaenda kuangalia mpira. Sikubishana. Kwetu mkwe haumbishii mzee kwake, na kwao pia.

Ngao ipo palepale.

Binti Kipumbwi

Mpe muda. Hiyo si habari ya Jumapili moja.

Karani Mstaafu

Ulifanya vema kumwachia karatasi. Karatasi ina subira.

Mkwe wa Zacatecas

MREJESHO MFUPI

Leo ni Oktoba 29. Saa kumi na mbili asubuhi simu ya mzee. Huwa hanipigii mimi, humpigia binti yake. Nikajua kuna msiba.

Hakuna msiba. Anauliza yule mwanamke wa kwenye karatasi aliandikwa María nani. Dada yake aliyebaki Nochistlán anatengeneza meza ya marehemu ya Novemba 2, ile ya mishumaa, maua ya cempasúchil na chakula alichopenda kila marehemu, na mwaka huu wanaandika majina yote kwenye vikaratasi.

Nikamwambia baba, ni María tu, hakuna lingine. Akanyamaza. Akauliza alikuwa anapenda kula nini. Nikasema kitabu hakisemi. Akakata.

Baadaye mama mkwe akamtumia mke wangu picha aliyotumiwa na wifi yake. Vikaratasi vimepangwa, vyote vimeandikwa Mendoza. Hicho kimoja kimeandikwa María, na mbele yake wameweka mahindi ya kuchemsha na glasi ya maji.

Nondo za Usiku

Nimeishiwa. Mkuu swali la mwisho, mimi jirani yangu hapa ni mtu wa Michoacán, naye anataka kufukua. Aanzie wapi?

Mkwe wa Zacatecas

Aanze na cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa, halafu cha ndoa cha wazazi, halafu vya kuzaliwa vya wazazi. Asiruke hata kimoja. Jina la rancho aliandike kila mara, pamoja na wasimamizi. Akikwama miaka ya karibu, sensa ya 1930 picha zake zipo mtandaoni, ila ya Jiji la Meksiko haipo. Kama ndugu zake walivuka kuja Marekani enzi hizo, kuna kadi za mpakani za El Paso na Laredo, nyingine zina na picha.

Na akiona 7bre asiisome Julai.